Bundi Amekuja kwa Nani?

Kumwona bundi Butembo si kazi. Kazi ni kumwona bila wewe mwenyewe kuonwa. Vilima vyetu vimejaa mikaratusi, makanisa yana minara, maghala ya maharage yana panya wanene, na bundi anapata chumba na chakula bila kudaiwa hata faranga moja. Lakini mwanamume mzima akisimama chini ya mkaratusi saa mbili usiku, jumeli shingoni, torshi imezimwa, uso umeelekea juu, hakuna atakayemuuliza anatazama ndege gani. Ataulizwa yeye ni mtoto wa nani, na anataka kumuua nani.

Lawama nazitupia vitabu vya shule. Kitabu chetu cha Kifaransa kilikuwa na bundi aliyevaa miwani, ameshika kijiti, anawafundisha sungura hesabu. Nikirudi nyumbani jioni namkuta mukaka wetu, bibi mzaa baba, ameshika kijinga cha moto, anamrushia mwalimu yule yule aliyetua juu ya paa la jikoni, huku akimwambia kwa Kinande maneno yasiyomo katika kitabu chochote cha shule ya msingi. Nikakua na swali ambalo hakuna aliyetaka kulijibu: ndege huyu ana diploma, au ana hati ya kifo?

Imani ya kwetu haina mafumbo. Bundi akilia juu ya paa, mtu wa nyumba ile atakufa. Akilia na kuondoka, ametumwa, na aliyemtuma anajulikana ila hatajwi. Akikaa kimya, ujumbe umeshafika. Hoja kama hii haimshindi mtu yeyote kuitetea, kwa kuwa katika mitaa iliyobanana kama yetu wiki haiishi bila kilio mahali fulani, na kila kilio hakikosi jirani anayekumbuka kwamba juzi usiku alisikia kitu. Wafanyabiashara wetu wanaofuata kontena zao hadi Mombasa wananiambia huko pwani nako bundi hapewi kiti.

Anayelia sana kwetu ni yule mwenye macho meusi na kichwa cha mviringo kisicho na pembe za manyoya. Wataalamu humwita Strix woodfordii. Pamoja na sifa zote hizo za kuua watu, chakula chake kikubwa ni wadudu: mende, panzi, kumbikumbi. Hao kumbikumbi tunagombania naye. Tena hilo tunaloliita tangazo la kifo mara nyingi ni maongezi ya mume na mke. Dume anaita kwa sauti nzito, jike anajibu kwa sauti ya juu kidogo, na wanaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu kama wanandoa wasioelewana juu ya ada ya shule.

Maongezi hayo ndiyo yaliyonifikisha kwa shefu wa mtaa. Binamu yangu wa Beni (ni wa pili kuzaliwa kati ya wavulana wa kwao, kwa hiyo Mnande yeyote anayesoma hapa ameshajua jina lake) alinitumia kwenye simu sauti ya bundi dume. Ukimchezea bundi sauti ya dume mgeni, mwenye eneo husogea kuja kuona ni nani huyo. Wazo zuri. Nikaenda nyuma ya uzio wa shangazi yangu, penye miti, giza likiwa limeshaingia, nikabonyeza. Bundi akajibu papo hapo. Nikabonyeza tena, na safari hii simu, kwa sababu zake, ikaamua kurudia bila kukoma.

Mtu asiyekaa Butembo lazima aelezwe jambo moja. Usiku, mwizi akiingia mtaani, hatupigi simu. Tunapiga filimbi, na asiye na filimbi anapiga sufuria. Nyumba moja ikianza, ya pili inaitikia, na kufumba na kufumbua kilima kizima kinalia bati. Basi jirani wa shangazi alisikia bundi wawili wakijibizana, mmoja wao akilia kutoka usawa wa kiuno cha mtu. Filimbi ya kwanza ikapulizwa. Sufuria zikafuata. Bundi wa kweli, ambaye ana akili, akaruka zake kimya kabisa. Manyoya ya mabawa yake yana ncha laini kama nyuzi zinazokata mlio wa upepo. Mimi manyoya hayo sina. Vijana wa zamu walinikuta nahangaika na simu iliyogoma kuzimika, na mfuko wa koti langu ukiendelea kumtafuta mke.

“Unafanya nini hapa, Papa?”

“Natafuta ndege.”

“Ndege zinatua uwanja wa Rughenda,” akasema mmoja, “na saa hizi hakuna inayotua.”

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye benchi mbele ya shefu, pamoja na shangazi aliyejifunika kitenge hadi puani, na kundi la watu wasio na kesi yoyote ila walikuwa na nafasi. Nikaona nijitetee kwa elimu. Nikawasimulia kwamba wapo watu wanaoheshimika ambao kazi yao ni ndege wa usiku, na mfano hauko mbali. Kule milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, mwaka 1951 alipatikana bundi ambaye hakuna mtaalamu aliyekuwa amemwona kabla, mdogo, mwenye uso wa umbo la moyo. Akapewa jina la Alexandre Prigogine, Mbelgiji mpenda ndege, ambaye ndugu yake Ilya alikuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 1977. Mkusanyiko mzima wa dunia ukabaki na bundi huyo mmoja tu, tena aliyekauka. Wa pili alinaswa kwenye wavu mwaka 1996, kule kule Itombwe.

Shefu alikuwa anasikiliza kweli. “Miaka arobaini na mitano amejificha?”

“Ndiyo, Papa Shefu.”

“Basi huyo ndiye mchawi mwenyewe. Na walipomkamata walimfanya nini?”

“Walimpima, wakampiga picha, wakamwachia.”

Benchi nzima ikaguna. Walimwachia! Mama mmoja akatikisa kichwa na kusema ndiyo maana Kivu haipati amani. Nikaachiwa na mimi, bila picha, kwa sharti kwamba simu yangu isilie tena baada ya jua kuzama.

Kwa upande wa Beni sharti hilo halihitaji shefu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza vijijini kule, usiku si wakati wa kwenda kutazama kitu chochote, na tangu Mei 2021 mkoa wetu umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Binamu yangu na mimi tukapunguza tamaa: tutakuwa watu wa kusikiliza tu, tena tukiwa ndani ya uzio wa mwenyeji. Ndivyo tulivyopanda pikipiki mchana kwenda Mutwanga, chini kabisa ya Ruwenzori, mahali ambapo wapanda mlima huanzia kuelekea vibanda vya Kalonge na Mahangu na theluji iliyobaki huko juu, na ambapo sisi tulikuwa tunaelekea kwenye ugali wa mzee mmoja rafiki wa marehemu baba.

Pancha ikatuchelewesha, jua likaanza kuzama tukiwa njiani. Hapo kirukanjia akatokea. Ndege huyu hukaa chini katikati ya barabara, rangi yake ni ya majani makavu, na mwanga wa taa ukimpiga macho yake yanawaka mekundu mithili ya makaa mawili. Kazi yake ni kunasa wadudu hewani kwa mdomo unaofunguka karibu hadi masikioni. Motari wetu hakuwa na habari na wadudu. Kwake yeye, macho mekundu barabarani ni mtu aliyekufa anayeomba kubebwa. Akakata usukani, na tukaingia watatu, na pikipiki, katika turubai la kakao ya mtu. Mwenye kakao alikuwa ndiyo kwanza anaianua. Hatukupigwa, kwa vile tulikuwa wageni wa mzee; tuliokota punje moja moja hadi giza likatukuta hapo kwenye nyasi, na koti langu likanuka kakao iliyochacha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mlima ule una kirukanjia wake mwenye jina la Ruwenzori tangu mwaka 1909, alipotambulishwa na Ogilvie-Grant wa makumbusho ya London. Kama aliyetuangusha ndiye huyo au binamu yake wa bondeni, sikuwahi kuuliza. Alikuwa ameshakwenda kukaa mbele kidogo, barabarani vilevile.

Tulipokwisha kula, mlima ukaanza kupiga kelele. Sauti ilianza kwa kukwaruza, ikapanda, ikawa kilio cha mtu anayenyongwa na ambaye hataki kumaliza. Binamu yangu akatoa rozari. Motari, ambaye tayari alikuwa na siku mbaya, akaomba alale katikati. Mzee akaendelea kuchokoa meno. “Ni perere,” akasema. Kumbe! Mnyama mdogo wa manyoya, anayelala mitini, mwenye ukubwa kama wa sungura, na ambaye katika ukoo ana undugu na tembo. Mzee alituambia kila mgeni wa mjini anayelala pale humpa perere cheo: mmoja alisema ni bundi, mwingine jini, mwingine mke wake wa kwanza.

Hiyo ndiyo shida ya ndege wa usiku wa kwetu: nusu yao si ndege. Teremka kutoka Beni kuelekea msitu wa Ituri, utasikia kando ya mito honi za magari mahali pasipo na barabara. Ni popo, madume ya Hypsignathus monstrosus, yenye mabawa yanayokaribia upana wa mita moja na uso wa farasi aliyepigwa na mlango, yamejipanga mitini yakijinadi kwa majike. Binamu alitaka tukawasikilize. Nilikataa. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu hii ya Beni, Mangina na Butembo, na mtu anayeulizia popo wanapokaa bado hajapata mahali pa kueleweka.

Kibaya ni kwamba sifa zimeenea. Siku hizi simu yangu ndiyo inayolia usiku, na haipigwi na bundi. Ni watu. Wengine walikuwepo kwenye benchi ile ya shefu na waliguna kuliko wote. Wananong’ona kutoka chini ya blanketi: kuna mmoja juu ya paa langu, wewe unayewajua, amekuja kwa nani? Nawaeleza habari za kumbikumbi. Wanashukuru, wanauliza tena amekuja kwa nani.

Juzi alinipigia mjomba wangu, mtu mwenye duka kubwa na elimu yake, ambaye asubuhi yake alikuwa anatarajia kulipia kiwanja. Bundi amelia mara tatu, akasema. Je, asaini au asisaini? Nikamweleza kwa utulivu, na kwa heshima anayostahili mjomba, kwamba anayemsikia ni dume, anamwita mke wake aliye mti wa pili, na viwanja havimhusu.

Mjomba akanyamaza kidogo.

“Na mke amejibu nini?”