Faili 0, Makosa 0

Kwa miezi 14 kompyuta yangu ilinipa taarifa kila Jumapili saa tatu usiku. Kidirisha kidogo kinachomoza pembeni mwa skrini, kina alama ya vema ya kijani kama zile za mwalimu wa hesabu siku akiwa na furaha, na maneno mawili: bakapu imekamilika. Nilikuwa nakifunga bila kukisoma, kama mtu anavyomwitikia muuza mchicha huku macho yako kwenye mpira. Laiti ningeshuka mstari mmoja tu, ningeona kilichokuwa kikiniambia kwa uaminifu wote: Faili 0. Makosa 0.

Chanzo ni fundi wa mtaani kwetu. Kompyuta ilikuwa nzito, nikamwita, akaigawa diski mara mbili na kuhamishia nyaraka zangu zote upande wa D. "Hata Windows ikifa, bosi, vitu vyako vinabaki." Programu ya bakapu hakuna aliyeiambia kuwa watu wamehama. Ikaendelea kwenda kwenye folda ile ile ya zamani, ikikuta patupu, ikiunakili utupu huo kwa uangalifu na kuupeleka kwenye hard diski ya nje, kisha inanipongeza. Siwezi kuilaumu. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo, na walipandishwa vyeo.

Alhamisi moja diski ya ndani ikaanza kulia tik, tik, tik, kama indiketa ya daladala inayotaka kuingia barabarani kwa nguvu. Kisha kimya.

Picha nyingi zilikuwa kwenye simu, kwa hiyo hazikunitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni faili moja la Excel. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa mama mdogo, na humo ndimo yalimokuwa majina yote, ahadi, kilicholipwa na baki. Zimesalia wiki sita. Nami, kwa sababu ambazo hadi leo mama watoto anaziulizia, nikaenda kwenye grupu la WhatsApp nikasema ukweli kwamba orodha imepotea.

Ndani ya saa moja kumbukumbu za watu zikafanya miujiza. Aliyeahidi laki tatu akakumbuka laki moja. Mwingine akauliza kwa upole, "Si nilikupa mkononi siku ile ya msiba?" Msiba upi, hakusema. Mjomba, ambaye kikao cha kwanza alisimama, akarekebisha koti na kuahidi ng'ombe, sasa anakumbuka alisema mbuzi, tena alisema Mungu akijalia.

Aliyeniokoa ni mama mdogo mwenyewe. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu. Acha kulia, njoo na kalamu." Kumbe kila kikao alikuwa anaandika kwenye daftari la shule la kurasa 80. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikafungua: "Mama wa kona, 50." "Yule wa Vitz nyeupe, 100, bado." "Shemeji mrefu, ametoa, ila si yote." Data zote zipo, hazijapungua hata moja, ila programu pekee ya kuzifungua ni mama mdogo, naye hafunguki mpaka chai iwepo. Ilituchukua usiku mbili. Mjomba alikuwa ameandikwa "ng'ombe", na chini yake mstari umepigwa mara mbili.

Baada ya harusi nikaamua kutafuta programu ya pili ya bakapu. Mama watoto akauliza ya kwanza imekosa nini. Nikamwambia haijakosa, makosa 0, tatizo ndilo hilo. Fundi, aliyekuja kunifungia diski mpya huku akikwepa macho yangu, alianza kunielimisha kuwa programu ya pili ni kama mke wa pili. Akamwona mama watoto mlangoni. Mfano ukageuka ukawa tairi la spea. Nikamwambia huo umenifaa, kisha usiku nikajiuliza ni lini mara ya mwisho niliangalia upepo wa spea yangu.

Nikaingia kusoma. Wajuzi wana kanuni wanayoiita 3-2-1, aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mimi nilikuwa na 1-1-0. Nilichokipenda zaidi, sitaficha, ni kusoma maafa ya wakubwa. Mwaka 1998 huko Pixar, wakiwa katikati ya kutengeneza Toy Story 2, amri moja ya kufuta ilianza kuwameza wahusika watu wakitazama. Wakakimbilia bakapu, kumbe nayo mbovu. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ana mtoto mchanga. Wakaenda kuichukua, wakaizungushia mablanketi kama mzazi anayetoka wodini. Na Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya, ikageukia njia zake tano za kujilinda, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Nililala vizuri usiku ule kuliko wiki zote.

Kuchagua ndiko kulikoniandama. Programu ya mtandaoni: mafaili yangu ni GB 120, na kasi yangu ya kupandisha, siku ikiwa na hisani, ni megabiti 2 kwa sekunde. Nikapiga hesabu, ni siku tano na nusu, usiku na mchana, bila umeme kukatika. Nikacheka peke yangu. Bando sikulihesabu, nina presha. Ndani ya Windows 11 yenyewe bado kuna kifaa cha bakapu ambacho jina lake lina "Windows 7" kwenye mabano, kama duka la simu ambalo kibao chake bado kinasema Saluni. Duplicati inayakatakata mafaili vipande na kuyafungia kwa siri, na mimi nilishatosheka na maandishi yanayosomwa na mtu mmoja. Restic nayo inasifiwa sana, ila ukisahau nywila umeaga data zako. Nywila zangu naziandika wapi? Kwenye faili. Faili liko wapi?

Nikaishia kwenye Robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows. Inayaacha mafaili yalivyo, unayafungua popote. Ina kitufe cha maneno kinachofanya diski ya pili iwe kioo cha ya kwanza, nikaona kioo ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nikafanya jaribio kwa mkusanyiko wangu wa taarabu, GB 11, kazi ya miaka. Nikapindua pa kutoka na pa kwenda. Kioo huonyesha hata pengo la meno: folda tupu ikaakisiwa kikamilifu, na taarabu yote ikafutika kwa muda wa kupiga chafya. Ripoti ikaja imenyooka. Makosa 0.

Sasa naitumia bila kioo. Diski ya pili inakaa kwa mama mdogo, kwenye kabati la vyombo vya wageni, imefungwa kitenge. Jumapili ya kwanza ya mwezi naifuata, nakunywa chai, naileta, nanakili, nairudisha. Kila ripoti naisoma mpaka mstari wa mwisho, kwa miwani.

Jumapili iliyopita programu ya kwanza, ambayo sasa imeshaambiwa kuwa watu wamehama, ilisema ina mafaili 18,406. Ya pili ikasema 18,391. Nimeyatafuta hayo 15 siku tatu, folda kwa folda, mpaka kwenye pipa la taka. Mama watoto ameniuliza kama sasa nitaleta ya tatu iwaamulie. Nimemwambia hapana, hata kidogo. Ila nimeshaanza kusomasoma.