Jinsi ya Kujitolea Mji Mkongwe bila Kuuangusha Ukuta

Kabla hujanunua kofia ya fundi, chagua nyumba yoyote ya ghorofa ya mtaa wa Kiponda au Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, siku ya mvua ya Aprili. Piga hodi, ngoja uitikiwe, kisha panda ngazi mpaka juu kabisa. Utakuta ndoo. Utakuta na beseni, sufuria, na pengine kopo la maziwa ya unga, kila kimoja kimewekwa chini ya tone lake. Wenyeji hawavitazami tena. Wanajua kwa sauti kipi kimejaa. Kazi ya chama cha kuhifadhi mji inaanzia hapo, na ukishapanda ngazi zile mara moja umekwisha kujua zaidi ya aliyesoma kipeperushi mara kumi.

Utasikia watu wakisema nyumba za Mji Mkongwe zinaanguka kwa uzee. Usiitikie. Zinaanguka kwa maji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa na udongo, unene wake kama nusu mita, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 hivi, na hakuna bwana wala sultani aliyeweza kuubishia mti. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kulainisha ule udongo na chokaa. Kisha hufika kwenye ncha za boriti, mahali zilipoingia ukutani, pasipoonekana na mtu, na kuziozesha polepole. Boriti ikishaoza ncha, dari haishiki tena ukuta na ukuta haushiki dari. Siku moja, mara nyingi baada ya mvua kwisha na jua kuwaka, vyote viwili vinakwenda chini pamoja. Jirani atasema imeanguka ghafla. Haikuanguka ghafla, ilianza kuanguka siku jani la kwanza lilipoziba mlizamu, ule mfereji wa kutolea maji ya paa.

Kwa hiyo somo la kwanza la mwongozo huu ni kusafisha milizamu. Najua ulitarajia kitu cha fahari zaidi. Ulikuja ukiwaza milango ya nakshi, misumari ya shaba, roshani za mbao. Mgeni yeyote wa chama huuliza habari za milango kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Milango ni mizuri, na ipo kazi ya kuihesabu na kuipiga picha, kwa sababu zamani iling'olewa mingi ikauzwa, na mlango usioandikwa popote hauna wa kuudai. Lakini mlango mzuri katika nyumba inayovuja ni mlango wa kifusi. Anza juu, malizia chini.

Nitakueleza siku moja ya mlizamu. Tulikuwa watu wanne, ngazi moja na gunia. Nyumba ina ghorofa tatu; juu kabisa anaishi bibi mmoja na wajukuu wake, na ukuta wa chumba chake ulikuwa na doa jeusi refu kama mkeka uliotundikwa. Wenzetu wawili walitaka kuanza pale pale kwenye doa, kukwangua na kupaka chokaa. Fundi tuliyekuwa naye, mzee wa kazi, hakulitazama hata doa lenyewe. Alitoka juu ya paa, akalala kifudifudi, akaingiza mkono ndani ya mlizamu mpaka begani. Akatoa majani. Akatoa tope. Akatoa mpira wa soksi wa mtoto, kisha kandambili moja ya mguu wa kushoto. Halafu akatoa mche wa mti wa jamii ya mkuyu, mizizi imeshajishika ukutani, mbegu yake imeletwa na ndege. Tulimwaga ndoo ya maji juu ya paa tukasikiliza. Maji yakapita yote, yakaangukia mtaani kwa kishindo, na mpita njia akatusemesha maneno yake. Bibi akaichukua ndoo iliyokuwa chini ya doa, akaigeuza, akaitazama kitako. "Hii sasa nitafulia," akasema.

Doa lilikauka lenyewe, kwa miezi kadhaa. Chokaa tulipaka baadaye.

Sasa saruji. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wema wanaotaka kusaidia wameumiza kuta nyingi kwa kitu hiki kimoja. Ukifika na mfuko wa saruji begani, hata kama umeununua kwa pesa yako ya sadaka, urudishe dukani. Ukuta wa matumbawe unapumua: unavuta unyevu na kuutoa, na chokaa inauruhusu upite. Saruji ni ngumu na haipitishi. Ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa namna hii, unyevu unabaki nyuma yake, chumvi inajikusanya, na baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka kipande kizima, na uso wa jiwe umeandamana nayo. Usitegemee macho kuligundua hilo, kwa sababu kwa nje ukuta unang'aa. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta mzima unajibu kwa sauti nzito, fupi. Ulioachana na lipu yake unalia kama debe tupu. Jifunze sauti hizo mbili wiki ya kwanza na utakuwa na manufaa kuliko mwenye shahada aliyekuja na kalamu tu.

Chokaa ina adabu yake. Mawe huchomwa tanurini mpaka yawe chokaa mbichi, kisha huzimwa kwa maji, na hapo ndipo wanaojitolea hujisahau. Ukimwagia maji chokaa mbichi inachemka kweli, inatoa mvuke na kurusha matone yanayounguza ngozi na kuharibu macho. Vaa miwani na mikono mirefu, simama upande upepo unakotoka, na watoto wakae mbali. Ikishazimwa huachwa shimoni ikifunikwa na maji kwa wiki na miezi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini, mpaka unaichota kwa mwiko kama siagi. Fundi akikwambia chokaa hii bado, usimwonyeshe saa yako. Mchanga nao usiwe wa pwani wenye chumvi, maana utakuwa umeleta kwa mikono yako ugonjwa uliokuja kuutibu.

Kuhusu ufa, methali inatuhimiza kuuziba. Mimi nakuomba kwanza uupime. Ufa uliokufa miaka 40 iliyopita haumdhuru mtu. Ufa unaotembea utauvunja ukuta, na kuuziba ni kuuvisha kanzu tu. Njia ni rahisi: gandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kikamate pande zote mbili, andika tarehe ukutani kando yake kwa penseli. Rudi baada ya mwezi. Kioo kikiwa kizima, andika tena tarehe uende zako. Kikivunjika, usiguse kitu. Hamisha watu waliolala chini ya ukuta ule na umwite mhandisi siku hiyo hiyo. Hii ni kazi ya mtu mwenye kurudi. Ikiwa wewe ni wa siku moja, kubali hivyo mapema upewe gunia na fagio. Nayo ni kazi.

Tunayo sababu ya kutisha kidogo. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa zaidi ikaanguka na watu 2 wakafariki. Hilo ni moja ya majengo mashuhuri zaidi ya ukanda huu wa bahari, lenye macho ya wote juu yake. Fikiria nyumba isiyo na jina, ya uchochoro wa Mkunazini, ambayo hakuna mtalii anayesimama mbele yake. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, hekta 96, na kilichoorodheshwa hakikuwa majumba makubwa matatu au manne ya Forodhani. Ni mji mzima, vichochoro na vibaraza vyake, na watu wanaokaa humo.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kujitolea utaimalizia kitako. Hakuna jiwe linalobanduka kabla ya kikao. Utamwona sheha wa mtaa, na utamwona kabla ya kuweka ngazi, wala si baada ya kuulizwa. Utahitaji kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985, kwa kila tundu, rangi, dirisha na bati. Kisha utamtafuta mwenye nyumba, na hapo ndipo utaujua mji. Nyumba nyingine ni wakfu. Nyingine zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, zikagawiwa vyumba vyumba, na leo ngazi moja inapandwa na familia tano ambazo hakuna hata moja inayojiona mwenye paa. Nyingine ni za ndugu saba: wawili wako Muscat, mmoja Dubai, mmoja London, na waliobaki hawasemezani. Paa ni la wote, kwa hiyo mlizamu si wa mtu. Mwanachama mwenye subira ya kukaa kibarazani, kunywa kahawa chungu na kuwasikiliza wapangaji wa chini wakiwalaumu wa juu, kisha kupanda akawasikilize wa juu wakiwalaumu wa chini, na mwishoni akafanya kila mlango uchangie shilingi kidogo kwa ajili ya bati moja, mtu huyo ameokoa nyumba. Nimewaona wanaoweza hivyo. Wengi wao ni kina mama, na wachache wao wamewahi kushika mwiko.

Adabu nyingine nazitaja kwa haraka. Usipange kazi mchana wa Ijumaa. Ramadhani, fanya asubuhi mapema na usimtumikishe fundi mpaka magharibi. Umkute mtu mzima, shikamoo kwanza, ukuta baadaye. Vaa cha kustiri, maana unaingia vyumba vya watu. Kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe, na ukiruhusiwa piga picha boriti, usipige picha kitanda cha mtu. Zile fulana za chama zenye maandishi mgongoni zina kazi yake siku ya maandamano ya usafi; juu ya paa zitapasuka.

Usilete pia zawadi isiyoombwa. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wa chokaa ni saruji ya pili: inaziba pumzi. Vanishi yenye kung'aa juu ya mlango wa mkongo hubanduka ngozi ngozi na kuufanya mlango uonekane mgonjwa. Ukitaka kuleta kitu, lete ngazi ndefu, kamba imara, timazi, mabati mazuri na misumari yake. Au lipia siku moja ya fundi mzee afundishe vijana wawili. Wanaojua kuzima chokaa na kuijua kwa kuishika wamezeeka, na kijana hawezi kuacha kibarua cha hoteli aje kujifunza bure. Chama kinachohifadhi mawe kikawaacha mafundi waondoke na ujuzi wao kitabaki na mawe.

Na watoto waite. Wao ndio wanaopoteza mipira juu ya mapaa, nao ndio wanaojua njia zote za kufika huko. Mwanafunzi wa skuli aliyeonyeshwa mara moja maji yanavyopita kutoka paa mpaka mtaani atakwambia kabla ya mtu mzima yeyote kwamba kwenye nyumba ya bibi yake yameziba.

Masika yanaingia Machi. Wiki mbili za mwisho wa Februari, paa likiwa bado kavu, ndizo za kusafisha milizamu, kung'oa miche na kugongomea mabati yaliyolegea. Baada ya hapo ni ndoo na beseni tu mpaka Juni. Ukiwa Unguja wiki hizo, njoo asubuhi. Ngazi tunayo moja. Kama unayo ya pili, ibebe.