Kijana Chui-milia, Hivi Ndivyo Utakavyopata Eneo Lako

Umekaribia miaka miwili sasa. Mama yako ameanza kukukoromea ukimsogelea, na mnyama aliyemwangusha juzi alimla bila kukuita. Dada yako huenda akamegewa kipande cha eneo la mama. Wewe ni dume, utafute kwako. Soma mwongozo huu kabla hujaondoka, na wanaochora ramani za hifadhi wausome pamoja nawe.

Jambo la kwanza: usihesabu kilomita, hesabu nyama. Unahitaji mnyama mmoja wa kushiba kila wiki, yaani kama 50 kwa mwaka. Ukila zaidi ya mmoja katika kila kumi, kundi litaanza kwisha, kwa hiyo nyuma yako lazima waishi wanyama wapatao 500 wenye kwato. Msitu usio na hao, hata ukiwa na miti mirefu kiasi gani, utakupa kivuli tu.

Ndiyo maana pale Chitwan, kusini mwa Nepal, ambako kulungu wa aina ya chital na sambar hushiba nyasi za bondeni, jike hulea watoto katika kilomita za mraba 20 hivi. Nenda sasa Sikhote-Alin, mashariki ya mbali ya Urusi, kwenye theluji na nguruwe mwitu wa kutafutwa kwa taabu: jike huyo huyo anataka karibu 400, na dume anapita 1,000. Hifadhi ya huko ina kilomita za mraba zipatazo 4,000. Anayesikia ukubwa huo hudhani wanaenea chui-milia mamia. Gawanya mwenyewe: ni majike kumi.

Jike hupima eneo kwa chakula cha watoto. Wewe utalipima kwa majike, wawili, watatu au zaidi, na mipaka yako itaizunguka ya kwao. Mipaka hiyo haina hati. Ni mkojo kwenye mashina, kucha kwenye magome, udongo uliokwaruzwa njiani, na harufu yake hufifia baada ya wiki chache. Zunguka kila mara. Ukiugua au ukilegea, jirani ataingia.

Ukikuta harufu mbichi ya dume mwingine, pita mbali. Najua utamwonea wivu, lakini yeye ana uzito na uzoefu, nawe jeraha moja la mguu linatosha kukunyima mawindo mpaka ufe njaa. Siku utakapomshinda mwenyeji, utawaua watoto wake wachanga ili mama zao warudi kwenye joto. Sikulaumu, ndivyo madume wa jamii yako walivyo. Ninayemlaumu ni jangili. Akimpiga risasi dume mmoja mwenye eneo, analiacha wazi kwa wageni wanaogombana, na watoto ambao hakuwahi kuwaona wanakufa baada yake. Eneo kubwa linalobadilisha dume kila mara halikuzi watoto.

Kama kila mahali pamejaa, toka. Mwaka 2019 dume mmoja kijana, aliyepewa jina la Walker, aliondoka hifadhi ya Tipeshwar katika jimbo la Maharashtra, India, akiwa na kola ya redio shingoni. Alivuka mashamba, mito na barabara, akatembea zaidi ya kilomita 1,300 hadi hifadhi ya Dnyanganga. Chakula alikipata. Jike hakumpata, na mimi kila nikifikiria safari ile naumia, maana miguu yake ilifanya kazi yote ambayo sisi tungepaswa kuirahisisha kwa kuacha ushoroba kati ya misitu.

Njiani usiguse ng'ombe. Ikiwa njaa imekushinda na umemwangusha mmoja, usirudi usiku wa pili kumalizia: huenda mwenye mali, ambaye hasara yake ni ya kweli na hajalipwa fidia, ameshatia sumu kwenye mzoga.

Kati ya hifadhi za Kanha na Pench, huko huko India, usivuke barabara kuu namba 44 juu ya lami. Kuna sehemu zilizoinuliwa kwa ajili yako. Pita chini yake, kamera zimeshawapiga picha wenzako wakifanya hivyo. Ukitokea upande wa pili ukakuta harufu ya jike, kulungu wengi, na hakuna alama ya dume iliyo mbichi, usiendelee na safari. Chagua mti mkubwa ulio kando ya njia, uanze kuweka alama.