Namna ya kujaza kiti kilicho wazi, kwa wakaaji wa Uvira

Kwanza hakikisha kiti chenyewe kipo. Ukiwa Mulongwe, Kalundu au Kavimvira na unatafuta nafasi ya mshauri wa komine aliyefariki, pumzika: hajawahi kuchaguliwa. Sheria ya 2008 inataka wakaaji wachague halmashauri ya komine, nayo imchague burgumestre, mkuu wa komine. Meya naye achaguliwe na halmashauri ya mji. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, lakini katika makao makuu ya majimbo tu. Ndugu zetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, kule Bukavu, walipata kura hiyo. Sisi tulimpigia kura rais na wabunge, basi. Meya wetu huteuliwa kwa amri ya rais, na akiondolewa huteuliwa mwingine. Mkaaji hana mahali pa kutia kidole.

Pili, nenda kwenye kiti kilichopo, cha mbunge wa jimbo, na usisubiri uchaguzi mdogo. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, diwani akifariki wapiga kura hurudi kituoni. Kwetu mgombea hujiandikisha pamoja na masuplea wawili, yaani watu wa kushika nafasi yake. Mbunge akifa, akijiuzulu, au akikosa bila sababu zaidi ya robo ya vikao, suplea wa kwanza anakaa. Akiteuliwa waziri, tangu marekebisho ya Katiba ya 2011 kiti husimamishwa tu: suplea anaingia, na waziri akifukuzwa anarudi kukidai.

Kwa hiyo kujaza kiti cha mbunge aliyeondoka ni kazi ya kufanya kabla hajaingia. Hapa ndipo tunapolala. Tunamchunguza mgombea kuanzia viatu mpaka ukoo, kisha suplea wake tunamwachia yeye mwenyewe, naye mara nyingi anamweka mke, mtoto au mdogo wake. Mimi nasema kura si shamba la kurithishana. Wabunge wa jimbo waliochaguliwa 2006 kwa miaka 5 walikaa hadi 2019 kwa sababu uchaguzi haukufanyika. Katika muda mrefu namna hiyo, suplea anaweza kukaa kitini zaidi kuliko mtu uliyemchagua.

Basi msafara wa mtu anayetaka kugombea ukisimama Kalundu, pokea fulana, ni nguo nzuri ya kuvulia dagaa, kisha inua mkono. «Mheshimiwa, karibu sana. Suplea wako ni nani? Yuko hapa? Tumsikie na yeye.» Akipewa kipaza sauti, muulize alikuwa wapi Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu, na angedai nini katika bunge la jimbo kwa ajili ya barabara ya bondeni. Akiwa hana jibu, mwambie bosi wake mbele ya watu kwamba mnataka jina lingine, mapema, orodha zikiwa bado hazijafungwa.

Tatu, dai na kile kiti cha komine. Februari 2025 waasi wa M23 walipoiteka Bukavu, serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Mji uliompokea gavana na watu wake unastahili kuchagua burgumestre wake. Kila mgombea wa kura ijayo aulizwe: komine za Uvira zitapiga kura lini? Jibu liandikwe, na jina lake pembeni.