Sahani za Koko

Mke wa kaka yangu ana tabia moja: usipomaliza alichokupakulia, umemtukana. Basi Koko, nyanya yetu, alipotufikia Masisi kutoka Walikale, mzigo wake mkubwa ukiwa paka wa miaka 14, vita vilianza mezani. Vijiko viwili vya sombe, tonge moja la bugali, kisha: "Nimeshiba, mwanangu." Shemeji ananuna.

Ghafla sahani zikaanza kurudi jikoni zimelambwa. Shemeji akatamba mtaa mzima kwamba sambaza zake zimemfufua mzee. Lakini kitenge cha Koko kilizidi kumpwaya kiunoni, na paka naye mbavu zilihesabika. Majirani wakanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu.

Siku moja paka akanaswa juu ya kabati, amekumbatia fromaji iliyowekewa wageni wa mahari. Kaka akaitisha kikao na kutoa hukumu: mwizi arudishwe Walikale kwa pikipiki ya kesho.

Koko akasimama. "Mukimfukuza, na mimi naenda. Chakula changu ni mimi nilikuwa namupa."

Shemeji alikaa chini bila kutafuta kiti.

Aliyetuokoa ni mpwa wetu, anayesomea udaktari wa wanyama Butembo, aliyekuwa likizo. Alipapasa koo la paka, akakuta kivimbe kama punje ya haragi, na moyo unadunda mbio. Tezi ya shingo, alisema, kwa paka wazee huweza kuvimba na kumwaga homoni kupita kiasi. Mwili unachoma chakula haraka kuliko mdomo unavyokileta: anakula sana, anakonda. Madaktari wa New York waliueleza ugonjwa huu kwa paka mwaka 1979.

"Kumbe ana rovu!" Koko akasema. Rovu tunalijua, la kisiwa cha Idjwi, hapo ziwani kwetu, lilichunguzwa miaka mingi. Lakini lile, mpwa akajibu, chanzo chake kikubwa ni upungufu wa iodini. Hili la paka ni tezi inayofanya kazi bila kuambiwa basi.

Na Koko? Tumbo hutoa ghrelini, homoni ya kuamsha njaa, iliyotambuliwa Japani mwaka 1999. Utumbo hutoa kolesistokinini, ya kuuambia ubongo imetosha. Uzeeni hii ya pili mara nyingi hupanda, na tumbo huchelewa kumwaga chakula, kwa hiyo mzee hushiba mapema.

"Kwa hiyo sombe yangu haina kosa?" Shemeji akauliza. Mengine hakuyasikia, nadhani.

Koko akaandikiwa visahani vidogo mara nyingi kwa siku: maharagi, yai, maziwa. Paka akaandikiwa vidonge vya metimazoli, vya kuagiza Goma. Kaka akapiga hesabu, akaona dawa inamzidi paka bei. Koko akafungua fundo la kitenge, akalipa mwenyewe.

Ila kidonge kitupu paka anakitema. Anakimeza kikifichwa ndani ya fromaji tu, tena ya Masisi. Wageni wa mahari walipewa mayai.