Namna ya Kuandika Tovuti Isiyouza Hata Kipande cha Halua

Hongera, ndugu mfanyabiashara. Jina la tovuti umeshalilipia, kijana wa kompyuta wa Chake Chake ameshachukua nusu ya pesa zake, na sasa kila mkikutana anakuuliza lile lile: maandishi yako wapi? Usimjibu kwa pupa. Zipo njia za kuandika ambazo mteja atafungua kurasa zako zote na atoke hajui unauza nini, uko wapi, wala unafunga saa ngapi. Tuchukue mfano wa duka la halua la Wete, kisiwani Pemba. Mwenye nyumba ya wageni na mwenye asali wafuate humo humo.

Kwanza salamu. Dukani kwako mtu hajavuka kizingiti ameshauliza kilo kiasi gani, nawe umeshamjibu na umeshamkatia kidogo aonje. Tabia hiyo iache mlangoni. Tovutini andika, "Karibu kwenye tovuti yetu rasmi," kana kwamba kuna nyingine isiyo rasmi inayokunyang'anya wateja. Kisha endelea: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa bidhaa bora kwa viwango vya kimataifa." Sentensi hii haina mfano. Inafaa kwa duka la halua, kwa gereji ya bodaboda na kwa bohari ya saruji, bila kugeuza herufi. Neno halua lisionekane kabla ya ukurasa wa tatu.

Baada ya hapo weka Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi. Najua mpo watatu tu: wewe, mkeo na kijana wa kukoroga. Haidhuru. Wizara ina dira, benki ina dira, nawe usibaki nyuma. La kuogopa ni kueleza kazi yenyewe. Ukianza kusimulia wanga, sukari, samli na iliki vinavyokorogwa juu ya moto mpaka mabega yakawaka, jinsi mpishi anavyojua kwa jicho kuwa sasa imeiva, msomaji atatokwa na mate, na mtu mwenye mate mdomoni hakawii kununua. Anaweza hata kuwa Mpemba aliyeko Muscat, amezungukwa na halua ya Kiomani asubuhi na jioni, anaitamani ya kwao. Huyo anatafuta kwa maneno matatu: halua ya Wete. Ukiyaandika atakuona. Kwa hiyo usiyaandike.

Sasa tuje kwenye mahali, na hapa ndipo fundi hujulikana. Andika "Tupo Pemba," halafu weka nukta. Duniani kuna Pemba nyingine, mji ulio kaskazini mwa Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado; Wareno waliuita Porto Amélia. Tangu 2017 mkoa ule umekuwa na mashambulizi ya waasi na habari zake zimeenea kote. Basi mama mmoja Ujerumani, ambaye bintiye amekwisha kukata tiketi aje kwako likizoni, ataandika kwenye Google "Pemba, usalama" na atakutana na wanajeshi na wakimbizi. Atampigia bintiye simu usiku huo huo. Mstari mmoja ungemtuliza: kisiwa cha Pemba, Zanzibar, Tanzania, uwanja wa ndege PMA, ule wa Msumbiji ni POL. Lakini mstari huo ungekuletea mgeni, na mgeni anataka shuka safi. Mwache aende Mombasa.

Ukishikwa na huruma, ongeza "Zanzibar" peke yake. Mgeni atashuka Unguja, ataingia kwenye teksi na kumwomba dereva ampeleke kwako. Habari za boti ya kwenda Mkoani, za daladala kutoka Mkoani hadi Chake na Wete, hayo atauliza akifika. Kama atafika.

Picha ni rahisi. Ikiwa nyumba yako ya wageni iko Chake Chake mjini, weka ufukwe mweupe wa Maldivi. Mji ule uko kando ya hori lenye mikoko, na kuna makumbusho ndani ya ngome ya zamani, lakini nani anataka kujua alipo? Picha ziwe nzito kiasi kwamba mtu aliyeko Kengeja aone duara linazunguka mpaka bando likate. Juu yake weka video ya droni inayoanza yenyewe, na muziki.

Wapo wanaoharibu fani yetu. Hoteli moja kule kaskazini, karibu na Ras Kigomasha, tangu 2013 ina chumba kinachoelea baharini, na sehemu ya kulala iko chini ya maji. Umejilaza kitandani, samaki wanapita dirishani. Wameeleza hivyo hivyo, kwa maneno ya kawaida, na dunia nzima imewaandika. Utasema wao wana chumba cha ajabu, wewe una vyumba vinne na feni. Haya, twende kijijini Kidike. Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Watu walimwinda na kumla mpaka akakaribia kwisha. Siku hizi wanakijiji wanamlinda, na wageni hutoa pesa kumtazama akining'inia mtini. Jirani yako anauza popo aliyelala, nawe unalalamika huna cha kuandika!

Kuhusu karafuu, tangaza kwa ujasiri: "Tunauza karafuu kwa jumla, tani yoyote." Karafuu hapa mnunuzi wake kwa mujibu wa sheria ni ZSTC, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuziuza kando huitwa magendo. Wasomaji wa kwanza wa ukurasa wako huenda wakaja na gari la serikali. Angalau hao watakuwa wamesoma mpaka mwisho. Usithubutu kuandika unachoweza kukiuza kihalali: kumpeleka mgeni shambani wakati wa mavuno, amwone mchumaji yuko kileleni, usiku akae na wenyeji wakichambua karafuu na makonyo, asubuhi apite njia yenye majamvi yaliyoanikwa huku na huku, harufu imemtangulia. Sisi tumezaliwa ndani ya harufu hiyo, tunadhani kila mtu anayo kwao.

Bei ni siri. Kule Instagram wenzako huandika "Bei njoo DM," nawe kwenye tovuti andika "Bei zetu ni nafuu, wasiliana nasi." Aliyekuwa tayari kulipa atadhani ni ghali na ataondoka, asiye na senti atakupigia simu nusu saa. Utapata mazungumzo mengi sana.

Ramadhani usiitaje. Mgeni aje saa saba mchana, azunguke Wete nzima akitafuta pa kula, aone milango imefungwa, akuandikie maoni ya nyota moja. Neno moja tu, kwamba mwezi huo chakula cha mchana unamwekea ndani kwa kuagiza mapema, lingekuharibia mpango mzima. Habari ya kuvaa nguo za heshima mjini nayo ipite kimya kimya, ili aibu wagawane yeye na mwenyeji wake.

Ukishaipandisha tovuti, usiiguse tena. "Heri ya Mwaka Mpya 2019" ibaki juu kabisa ikipepea. Wakiuliza, zamani tungesingizia majenereta. Tangu 2010 umeme unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa hiyo tafuta kisingizio kingine. Nambari ya simu iwe ile laini uliyoipoteza, tena iandike ndani ya picha, mtu asiweze kuibonyeza akapiga.

Imebaki kuhakiki. Mwite mtoto wa nduguyo anayesoma skuli, mpe simu asome kwa sauti mwanzo hadi mwisho. Akikutazama na kuuliza, "Ami, kwani sisi tunauza nini?" mkatie kipande cha halua anyamaze, kisha mwambie yule kijana wa kompyuta airushe hewani leo leo.