Sifa za Mheshimiwa Pancha

Kuna waliosifu mvua, kuna waliosifu ng'ombe, na kuna waliosifu viongozi mpaka viongozi wenyewe wakainamisha macho. Pancha peke yake hana mshairi. Hapa Mazwi, katikati ya Sumbawanga, mtu huwa karibu na baiskeli kuliko na wajomba zake: ndiyo ya shambani, ndiyo ya sokoni, ndiyo ya gunia la mkaa, ndiyo ya kumwahisha mgonjwa. Popote iendapo, Pancha yumo njiani. Jirani wa namna hiyo kukaa miaka yote bila kusifiwa ni utovu wa adabu. Basi naomba nafasi.

Tuanze na nasaba, maana mkubwa hasifiwi bila kutajiwa wazee wake. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alisajili tairi la kujazwa upepo baada ya kulijaribu kwenye kibaiskeli cha mwanawe. Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa ameshasajili wazo hilo tangu 1845, likasahaulika. Magurudumu ya kabla yao yalikuwa ya mbao, chuma au mpira mgumu. Hayakujua pancha hata kidogo, ila yalimtikisa mtu mpaka meno. Kwa hiyo anayemlaani Pancha ajue kwamba analaani upepo anaoukalia. Wawili hao wameingia mjini siku moja, kwa tiketi moja.

Sasa haki yake. Tazama mstari wa kuanzia wa mbio za mtaani siku ya sikukuu. Huyu ana baiskeli ya mbio ya mtumba, matairi membamba kama kidole, na kaptura inayombana. Yule kapanda Phoenix ya baba yake. Keria na madigadi kavifungua jana usiku ili kupunguza uzito, na baba bado hajaambiwa. Mwamuzi anasoma kanuni: helmeti kichwani, namba mgongoni, marufuku kudandia lori mlimani, marufuku kuvutwa na bodaboda. Kila kanuni ina mtetezi na mpinzani wake, na aliyekamatwa ameshika bomba la lori atakuapia kwamba alikuwa anamsalimia dereva. Rufaa hudumu mpaka jioni. Hukumu ya Pancha haina rufaa. Hapokei simu ya mtu, hamjui diwani, haulizi wewe ni mtoto wa nani. Psss, na kesi imekwisha.

Kwenye michezo ya SHIMIWI na ile ya Mei Mosi, ambako watumishi na wafanyakazi hushindana baiskeli pamoja na kuvuta kamba na bao, husemwa kwamba vyeo vimebaki ofisini. Si kweli. Vyeo huja uwanjani vikiwa vimevaa fulana. Anayevivua ni Pancha: bosi akishaburuza baiskeli huku karani wake anampita na kumpungia mkono, hapo ndipo utumishi wa umma unapokuwa wa umma.

Hata wakubwa wa mchezo wanamheshimu kwa maandishi. Kanuni za shirikisho la dunia, UCI, kuhusu mbio za hatua zinasema kwamba kwenye hatua za tambarare, aliyepata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho, kwa desturi, hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Mchovu hana kilomita zake tatu. Mwoga hana. Pancha anazo. Na Julai 15, 2012, kwenye Tour de France, wahuni walipomwaga misumari midogo juu ya mlima Mur de Péguère, bingwa mtetezi Cadel Evans alikuwa miongoni mwa waliotobolewa. Bradley Wiggins, aliyevaa jezi ya njano, akapunguza mwendo, na kundi zima likapunguza, mpaka waliokwama wakarudi. Nitajie hotuba iliyowahi kumfanya anayeongoza amsubiri mpinzani wake. Mimi namtaja Pancha.

Zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1913, kwenye Tour hiyohiyo, uma wa mbele wa Eugène Christophe ulivunjika akiteremka mlima Tourmalet. Hiyo haikuwa kazi ya Pancha, ilikuwa ya kaka yake mkubwa. Kanuni ilimtaka kila mtu ajitengenezee mwenyewe, basi akaenda kwa miguu akiwa ameibeba baiskeli hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuufua uma upya kwa mikono yake. Waamuzi wakasimama wakimwangalia, kisha wakamwadhibu kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mvukuto. Hapa kwetu Ufipa, nchi iliyoyeyusha chuma kwenye tanuru za malungu miaka mingi kabla ya waamuzi hao kuzaliwa, mtoto yule angepewa kazi ya kudumu.

Kwetu Mheshimiwa anakaa wapi? Wageni hudhani ni kwenye miba tu, na kweli mbigili wa kiangazi hana mchezo. Lakini makao yake makuu siku hizi ni lami. Kwenye barabara ya Tunduma kupitia Laela, na ile ya Matai kwenda Kasanga, tairi za malori zikipasuka huacha vipande vya waya vyembamba kuliko sindano. Na anayeacha uwanda huu wa juu kuteremkia Bonde la Rukwa, kiasi cha mita 1,000 kwenda chini, hukutana naye kwenye mawe: tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe, tyubu hubanwa kwenye ringi na kutoka na matundu mawili yanayotazamana. Hapo Mheshimiwa amekuja na mkewe.

Hata hivyo utukufu wake hasa uko chini ya mti, kwa fundi. Baiskeli inapinduliwa, inasimama kwa usukani na tandiko. Fundi anachomeka bapa mbili za chuma ambazo zamani zilikuwa vijiko vya nyumba ya mtu, anabandua tairi upande mmoja, anachomoa tyubu, anaijaza upepo na kuizungusha ndani ya beseni la maji machafu mpaka povu litoke. Anakausha, anapiga msasa, anapaka solushen, na hapo ndipo anaposubiri. Fundi mbaya hubandika bila kusubiri. Fundi mzuri huacha gundi ikauke mpaka isinate kidoleni, na wakati huo utasikia bei ya mahindi, nani kafiwa, na nani kahamia Katandala bila kulipa kodi ya nyumba. Kiraka chenyewe kimekatwa kwenye tyubu iliyokufa. Kisha, kabla ya kurudisha tyubu, anapitisha kidole ndani ya tairi, polepole, duara zima, kuutafuta waya. Asiyefanya hivyo atakuwa na mteja yuleyule kabla ya saa sita, na sidhani kila asiyefanya amesahau.

Na Mheshimiwa hafi na tyubu. Ikishazidi viraka hukatwa kuwa mipira ya kufungia mzigo kwenye keria, na manati ya watoto wanaolinda ulezi dhidi ya ndege. Kiongozi gani mstaafu amebaki na kazi nyingi hivyo?

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na magari ya ufundi yalifuata nyuma yakiwa na magurudumu juu ya paa. Sumbawanga hatuna gari hilo. Tuna shemeji mwenye pampu. Kwa hiyo waandaaji wa mbio zetu, ombi langu ni hili. Wekeni fundi mmoja kila baada ya kilomita chache, na mlipeni kabla ya mbio, si baada. Andikeni pia kanuni moja na kuisoma kabla ya filimbi: aliyepata pancha akaiziba mwenyewe asifutwe, na saa isizimwe mpaka afike, hata kama mgeni rasmi ameshakula na kuondoka.